Karani Aliyesali Macho Wazi

Darasani kwake hakuna aliyepigiwa makofi. Mtu angeweza kuichambua bajeti ya kata nzima bila kutazama daftari, akaketi jasho likimtiririka shingoni, na asisikie hata kidole kimoja kikigonga meza. Jumamosi ya kwanza mwenzetu mmoja alijisahau, akapiga. Yule mama aliyetufundisha aliacha chaki hewani.

"Ni nani huyo?"

Kijana akainua mkono.

"Wewe nimekuona kwa sababu uko peke yako. Sasa kama nyote mngepiga, mimi ningeandika nani?"

Akageukia ubao. Tangu siku hiyo mikono yetu ilikaa mapajani.

Tulimwita Karani. Alikuwa mwalimu wetu wa serikali za mashinani na fedha za umma, lakini jina la mwalimu hakulitaka. Kabla ya serikali za kaunti kuchukua nafasi ya mabaraza, alikuwa karani wa baraza la madiwani, mbali huko mashambani, miaka mingi, na cheo hicho alikivaa kama watu wengine wanavyovaa pete ya ndoa baada ya kufiwa. Chuo chetu kilikuwa ghorofa ya nne katikati ya jiji la Nairobi, juu ya duka la vitambaa. Sisi tulikuwa watu wa kazi waliotaka stashahada ya utawala wa umma ili wapande daraja: mlinzi wa benki, makarani wa ofisi za serikali, muuza simu, na mimi niliyekuwa nauza vitabu vya mitumba kando ya barabara na kuandika hadithi ambazo hakuna aliyezisoma.

Namwandika kwa sababu ya Jumatatu moja nilipomwendea nyumbani kwake mtaani Riruta nikiwa na hati ya kiapo ambayo nilikuwa bado sijaitia sahihi. Nilikuwa na siku tatu. Nikitia sahihi, ningepata kazi ya kudumu katika kaunti moja ya mbali, na wanawake wa kata moja ya huko wangekosa chumba cha kujifungulia. Nisipotia, ningerudi kuuza vitabu, tena nikiwa mtu aliyejiita mwongo mbele ya kamati. Nilitaka aniokoe. Lakini mtu hawezi kuelewa nilichokiomba bila kumjua niliyemwomba.

Alikuwa na baraza lake. Silo lile la zamani. Hili la pili alilitunga mwenyewe, na lilikaa ndani ya faili moja nene la kijivu alilolibeba kwapani. Kila mwanafunzi alipewa kata yake, na kata hiyo ilikuwa na mto, shule, zahanati, barabara inayokatika wakati wa mvua. Tulikuwa madiwani kwa muhula mzima, na yeye karani wetu. Jambo lililotutisha ni kwamba baraza hilo halikufutwa kamwe. Darasa lililotutangulia likifunga zahanati, sisi tuliikuta imefungwa. Watu ambao hatukuwahi kuonana nao, pengine waliokwisha kuhitimu na kusahau, walikuwa wameuza trekta letu, na hatukuwa na la kufanya.

Mimi nilipewa Kata ya Nane. Kata ya Nane haikuwa na daraja.

"Mheshimiwa wa Nane," aliniuliza siku ya bajeti, "watoto wako wanafikaje shule?"

"Wanazunguka, Karani."

"Wanazunguka umbali gani?"

"Ni mbali kidogo."

"Mbali kidogo ni wapi? Toka nje. Panda na ushuke hizo ngazi mpaka ujue mbali kidogo ni wapi."

Nilidhani anatania. Hakutania. Nilishuka hadi duka la vitambaa na kupanda tena, mara nyingi, mpaka mwenye duka akaanza kuniangalia kama mwizi. Niliporudi, nikihema, nikiwa na hotuba yangu tayari kichwani, nilikuta wamekwisha kupiga kura. Pesa za daraja zilikuwa zimehamishiwa ukarabati wa ofisi za baraza.

"Lakini ni wewe ulinitoa," nikasema.

Akasoma kutoka kwenye faili bila kuinua uso. "Mheshimiwa wa Nane hakuwepo."

Mutheu, karani wa masjala aliyeketi Kata ya Tisa, alicheka mpaka akajifunika leso. "Pole, Mheshimiwa. Si ungebaki tu hapa na ujinga yako. Angalau ingehesabiwa."

Haikuwa haki. Hakujali kama ni haki. Alikuwa akitufundisha namna jambo linavyotendeka, na namna linavyotendeka haina haki ndani yake. Nilimchukia wiki nzima.

Wapo waliomchukia zaidi. Yule mlinzi wa benki alikosa kikao kimoja kwa sababu zamu yake ilibadilishwa ghafla. Alikuja Jumamosi iliyofuata na barua ya msimamizi wake, imepigwa muhuri. Karani aliisoma barua hadi mwisho, akamrudishia, na kumwandikia sufuri. Yule bwana alikunja karatasi yake mara nne, akashuka ngazi, na hatukumwona tena. Tulinung'unika. Mutheu alimwambia wazi, "Karani, hiyo ilikuwa roho mbaya." Lakini muhula ulipokuwa ukielekea ukingoni na mwanafunzi mgeni akataka kukalia Kata ya Tatu, kiti cha yule mlinzi, alimzuia kwa mkono.

"Hiyo kata ina mwenyewe."

Kiti kilikaa kitupu mpaka tulipomaliza. Kila alipoita majina, aliita Kata ya Tatu, akasubiri kimya kwa muda ule ule aliowasubiri wengine, kisha akaendelea.

Alikuwa mtu wa kanisa. Huko Riruta walimwita shemasi, na Jumapili alivaa kitambaa cheupe kichwani na kuwapokea wageni mlangoni. Lakini mikutanoni alisali macho wazi. Tuligundua hilo siku ya kwanza ya baraza, tulipofungua kikao kwa maombi kama ilivyo desturi ya kila mkutano nchini humu, kuanzia harambee hadi kikao cha wenye vibanda. Nilichungulia, nikakuta macho yake yametulia juu yetu kama ya mchungaji wa mbuzi.

Mutheu akamuuliza kwa nini.

"Mungu ananijua," akasema. "Ninyi ndio siwajui." Kisha akaandika ubaoni mpangilio wa ajenda, na mahali palipoandikwa "Mengineyo" akapigilia chaki mpaka ikavunjika. "Mengineyo ndiyo mahali mtu mdogo anasemea. Mwenyekiti mjanja ataruka hapo aende moja kwa moja kwa maombi, sababu nani atabishana na maombi? Ukisikia 'tuombe' na mengineyo haijafika, fungua macho. Angalia ni nani bado ana neno mdomoni."

Tuliandika. Mimi niliandika kwa wino mwekundu.

Na bado, katika noti alizotugawia muhula wa kwanza, nakala za nakala zilizofifia mpaka herufi zikawa kama nyayo za sisimizi, kulikuwa na sentensi hii: Kumbukumbu za mkutano hurekodi maamuzi, si kelele. Nayo niliiandika. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana, au aliona akatuachia. Alikuwa hivyo. Alituhimiza tuhudhurie kila kikao cha wananchi kilicho karibu nasi, lakini mikutano ya wapangaji wenzake katika ploti alimoishi hakuikanyaga. "Nikienda nitaandika," alisema, "na nikiandika watahama." Aliwadharau maafisa, na alipopita mbele ya ofisi za serikali pale mjini alirekebisha kola yake, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa mkwewe.

Nilihitimu. Nikapelekwa mafunzo ya kazini, miezi mitatu, katika ofisi ya kata moja mashambani, kaunti ambayo sitaitaja. Msimamizi wa kata alikuwa mtu mkarimu. Alinitafutia chumba, akaniita ndugu yangu, akaniahidi kwamba nikifanya vizuri atanipigania nipate mkataba, na baada ya mkataba ajira. Kazi yangu kubwa ilikuwa moja: kuandika kumbukumbu za kikao cha wananchi kuhusu bajeti.

Kikao kilifanyika chini ya hema la kukodi, uwanjani mwa shule. Nilipewa kiti kwenye meza ya mbele, chenye kitambaa, na chupa ya maji. Karani alikuwa ametufundisha kukaa nyuma, karibu na wanaoondoka mapema. Lakini meza ilikuwa na kivuli, na msimamizi mwenyewe ndiye aliyenivutia kiti.

Alisoma haraka. Pesa zilizokuwa zimetengewa chumba cha kujifungulia katika zahanati zingehamishiwa paa la soko. Wafanyabiashara waliketi mbele. Alipouliza, "Si tunakubaliana, jameni?" makofi yalitoka mbele, yakasambaa nyuma kama moto wa nyasi. Ndipo mwanamke mmoja akasimama kule mwisho, mkono juu.

"Naomba kuuliza."

Msimamizi hakumtazama. "Wapendwa, muda umetutupa mkono na soda zinapata joto. Pasta, tufungie kwa neno la maombi. Tusimameni."

Uwanja mzima ukasimama. Yule mwanamke alikuwa tayari amesimama, na sasa hakuwa na tofauti na mtu mwingine yeyote. Nilifumba macho. Nilipofumbua, vijana walikuwa wakipanga viti.

Niliandika: Wananchi waliohudhuria waliafiki kwa kauli moja. Mkutano ulifungwa kwa maombi.

Nilipata mkataba. Miezi saba baadaye, wakazi wa kata ile walipeleka malalamiko kwa kamati ya bunge la kaunti, wakidai hawakuafiki, wakidai mkazi mmoja alinyimwa nafasi ya kusema. Kamati ikaniita. Kaunti ilikuwa na wakili wake hapa Nairobi, katikati ya jiji, na Jumatatu hiyo niliketi mbele ya meza yake akanisukumia karatasi mbili.

"Hii ni fupi," alisema. "Unaapa tu kwamba kumbukumbu ni za kweli na kamili. Jumatano unarudi kutia sahihi, Alhamisi uko mbele ya kamati. Ile barua yako ya ajira, nimeambiwa iko tayari."

"Na huyo mwanamke?"

"Mwanamke yupi? Kwenye kumbukumbu zako hakuna mwanamke."

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda Riruta.

Chuo kilikuwa kimefuta kozi yake mwaka uliotangulia. Wanafunzi walikuwa wamepungua. Nilimkuta mlangoni pa chumba chake, kwenye ploti ya mabati, akiwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe. Alikuwa amekonda. Viatu vyake vilikuwa vimeng'arishwa kama zamani.

"Karibu, Mheshimiwa wa Nane. Na hiyo kitu umekumbatia hivyo ni nini?"

"Ni kiapo, Karani."

"Nani ameandika?"

"Wakili."

"Na nani ataapa?"

"Mimi."

"Haya. Ingia tunywe chai."

Nilimweleza yote, isipokuwa mambo machache. Nilisema palikuwa na fujo kidogo mwishoni. Nilisema kutoka meza ya mbele mtu hasikii vizuri. Kisha nikatoa zile noti zake zilizofifia, nimezikunja kwenye ukurasa wenyewe, nikamwekea mezani.

"Nataka tu barua, Karani. Useme hivi ndivyo ulitufundisha. Kwamba tunaandika maamuzi. Kamati ikiona imetoka kwa mtu kama wewe, watajua sikudanganya, nilifuata taaluma."

Aliisoma sentensi yake mwenyewe kwa muda mrefu, karatasi ikiwa karibu na pua. "Ni kweli. Niliwafundisha hivyo."

Akavuta karatasi safi na rula, akapiga mstari wa pambizo, akaanza kuandika. Mwandiko wake ulikuwa bado umesimama wima. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilihisi hewa ikifika chini ya kifua. Aliandika jina langu, akaandika muhula, akainukuu ile sentensi neno kwa neno. Alipofika mahali pa sahihi, akaweka kalamu chini.

"Huyu mama anasema alisimama."

"Ndivyo wanavyosema."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Sweta ya kijani," nikasema.

Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Nilitaka kuyarudisha maneno yangu kinywani na sikujua pa kuyashikia.

"Kunywa chai," akasema. "Inapoa."

Nikanywa.

"Mimi pia nilikuwa na wangu. Mzee mmoja, na fimbo yake. Madiwani walitaka malisho ya watu yawe uwanja wa mnada wa ng'ombe. Aliinua hiyo fimbo akaishikilia juu mpaka mkono ukatetemeka. Niliandika waliafiki. Mwaka huo nikapanda cheo."

"Ulijisikia aje?"

"Vizuri." Aliniangalia kwa yale macho yasiyofumbwa. "Watu watakuambia hutapata usingizi. Wanakudanganya. Nililala, nikanenepa. Wewe pia utalala, Mheshimiwa. Hiyo ndiyo ubaya yake."

Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi. Akaikunja barua, akaitia katika bahasha, akanisogezea.

"Chukua. Hakuna uongo hapo ndani. Nilifundisha hivyo."

"Kwa hivyo unaniambia nifanye nini?"

"Mimi si mama yako." Alianza kukusanya vikombe. Akiwa amenipa mgongo, akauliza, "Jina yake ni nani?"

"Nani?"

"Huyo wa sweta."

"Malalamiko yanasema 'mkazi mmoja'. Sijui."

"Miezi saba," akasema, si kwangu, kwa vikombe. "Wakili, kamati, msimamizi, kijana amesoma. Karatasi yote hiyo, na hakuna mtu ameuliza jina."

Kamati nilikwenda. Hati ya wakili sikuitia sahihi, na barua ya Karani haikutoka kwenye bahasha, ningali nayo. Niliwaambia nilichokiona na mahali nilipokuwa nimekaa nilipokiona. Mwenyekiti aliniuliza kwa upole kama ninafahamu kwamba ninajishuhudia vibaya, nikasema ninafahamu. Mkataba wangu haukuongezwa. Pesa zile zilirudishwa zikajadiliwe upya, na mpaka ninapoandika haya bado zinajadiliwa. Ninauza vitabu tena. Hayo yote yamo katika kumbukumbu za watu wengine. Ninalotaka kuliandika mimi ni la Jumanne, siku moja baada ya Riruta, kabla sijajua kama nitathubutu kusema lolote.

Nilipanda basi alfajiri, nikafika kwenye ile zahanati saa nane mchana. Niliulizia mwanamke aliyesimama siku ya kikao. Walinielekeza bila kusita. Kata nzima ilimjua. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akianua mahindi, mtoto mchanga mgongoni. Alipoiona kalamu yangu alirudi nyuma hatua moja.

"Umetumwa na ofisi?"

"Hapana. Mimi ndiye niliandika siku ile."

"Basi si ulishaandika."

"Sikuandika vizuri, mama. Nimekuja kuuliza ulitaka kusema nini."

Alinitazama sana, kisha akatazama mahindi yake, kama anayepima kama mvua itanyesha kabla hajamaliza. Akanitajia majina yake matatu, taratibu, akisubiri niyamalize moja moja.

"Mimi sikuwa nakataa soko," akasema. "Hata mimi nauza mboga. Nilitaka tu kuuliza kama hiyo bajeti imenunua pia pikipiki ya kubeba mtu amelala. Sababu mtu akishikwa na uchungu hapa tunamweka kwa pikipiki mpaka hospitali ya kule juu, na mwenye uchungu hawezi kukalia pikipiki. Anaanguka."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Halingemaliza dakika moja."

Nilikwenda hadi kando ya barabara ndipo nikampigia Karani. Ilibidi nirudie salamu, maana alikuwa Dagoretti Corner, katikati ya kelele za wachuuzi, na akaniambia ningoje atoke hapo. Nilisubiri. Nilisikia mlango wa duka ukifungwa, kelele zikafifia.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Alitaka kusema nini?"

Nikamsomea, kuanzia pikipiki hadi dakika moja. Nilipomaliza nikamsikia akimwomba mtu wa dukani kalamu, na karatasi, yoyote ile, hata ya kufungia.

"Soma tena, polepole," akasema. "Kuanzia jina."